Uzi Umelipwa, Mkono Je?

Hebu itazameni kwanza redio mnayonisikilizia. Kama ni ile ya shosho, ya betri kubwa, naweza kuapa kwamba imevikwa kitambaa. Katika nyumba tulizolelewa sisi wa Kiambu na Murang'a, hakuna kitu kilichoachwa uchi. Viti vilivikwa, meza ikavikwa, kabati la vyombo likavikwa, na ile televisheni ya Great Wall ya inchi kumi na nne ilikuwa na vazi lake la Jumapili. Mgeni alipotarajiwa, vitambaa vilivuliwa vyote, vikafuliwa, vikachovywa kwenye maji ya wanga na kupigwa pasi hadi vikawa vigumu, na ole wake mtoto aliyeegemea kiti akakiangusha cha mgongoni.

Leo nataka kuzungumzia vitambaa hivyo na wajukuu wake: boshori, shali za watoto, mikoba, fulana za matundu, na yale magauni mepesi ya ufukweni ambayo vijana wa Thika na Ruiru wanayafuma usiku na kuyauza kwa simu mchana. Nitawazungusha kidogo, hadi Wasini na Lamu, kwa sababu jambo ninalotaka kusema linaonekana vizuri zaidi ukilitazama ukiwa kisiwani.

Vyote hivyo ni kazi ya krosheti, na kwa asiyejua, krosheti si sawa na kufuma sweta. Sweta hufumwa kwa sindano mbili ndefu, na vitanzi vyote vya mstari hukaa wazi kwenye sindano vikingoja zamu yao. Krosheti ina sindano moja fupi yenye kijino kwenye ncha, na kila kitanzi hufungwa kabla hujaenda kwenye kinachofuata. Unaanza na mnyororo, unarudi juu yake, unapanda mstari kwa mstari. Ukikosea, unavuta uzi, na kazi ya saa nzima inafumuka ukiitazama. Tofauti hiyo ndogo ina matokeo makubwa. Sweta, mashine iliimudu zamani; hizo za shule zinazopangwa madukani Thika kila Januari nyingi hazijaguswa na sindano ya mkono. Krosheti halisi, viwanda bado havijaimudu. Kuna vitambaa vya mashine vinavyoiga sura yake, ila mfumaji akivigeuza upande wa nyuma hadanganyiki. Kwa hiyo popote unapoona krosheti ya kweli, iwe dukani London au kibandani Makongeni, jua kuna mtu aliyeketi akaifuma kitanzi kwa kitanzi. Hata ile inayouzwa kwa bei ya kutupa. Hasa hiyo.

Ukanda huu wetu unaujua uzi. Thika Cloth Mills ipo tangu kabla ya Uhuru, na imepona wakati viwanda vingi vya nguo nchini vilikufa mitumba ilipofunguliwa milango miaka ya tisini. Ruiru kuna Spinners and Spinners, wanaotengeneza nyuzi na mablanketi. Ukishuka matatu ya 145 ukaingia vichochoro vya Ruiru mjini, utaona maduka ya uzi yamechanganyika na ya nywele, na kuna sababu: mteja ni yule yule. Msusi hutumia sindano yenye kijino kuunganisha nywele za bandia, na fundi wa dredi hutumia iliyo nyembamba zaidi kurudisha nywele zilizotoroka. Nawajua vijana wa kiume walioanza kuishika sindano hiyo kwenye vichwa vya watu, wakahamia kwenye boshori za kuvaliwa na vichwa hivyo hivyo. Baridi ya Julai haiwaangushi.

Halafu ikaja korona. Machi 2020 shule na vyuo vilifungwa, wanafunzi wakarudi nyumbani, na kwa kuwa hapakuwa na pa kwenda, wengi wakafungua YouTube wakajifunza kile ambacho mama zao walikuwa wamekiacha. Shosho aliyekuwa akichekwa kwa vitambaa vyake ghafla akawa mwalimu. Ila wajukuu hawakutaka vitambaa vya viti. Walitaka vile vya kuvaa, vya kupigia picha, na picha nzuri ni ya baharini. Ndivyo krosheti ya Ruiru, mji usio na bahari wala ziwa, ilivyogeuka kuwa nguo ya likizo.

Wazee nao hawakuacha. Panda 237 ya kwenda Thika jioni uone. Barabara kuu ya Thika ilipozinduliwa Novemba 2012 tuliahidiwa kwamba foleni zimekwisha. Foleni zilisikia, zikahamia kwenye makutano. Basi gari likisimama, kuna mama dirishani ambaye mikono yake haisimami. Akifika Juja ana soksi moja ya mtoto, akifika Thika ameianza ya pili.

Sasa tufanye hesabu, chukueni kalamu. Tuseme msichana wa Kihunguro, hapa Ruiru, anafuma gauni la ufukweni, lile la matundu linalovaliwa juu ya nguo ya kuogelea. Uzi wa pamba umemgharimu shilingi 1,200. Amefuma kwa saa 25, na hapo nimehesabu kwa huruma, bila kuweka zile za kufumua na kuanza upya. Mteja anampa 2,500, tena huku akilalamika kwamba ni ghali. Toa uzi, inabaki 1,300. Gawanya kwa saa 25. Ni shilingi 52 kwa saa.

Agizo la serikali la mishahara ya chini kabisa linaitaja Ruiru kwa jina. Limeiweka kundi moja na Mavoko, Limuru na miji iliyokuwa manispaa, na Thika imo humo. Kwa agizo la 2022, kibarua wa kawaida kabisa katika kundi hilo hakupaswa kulipwa chini ya shilingi 14,000 kwa mwezi, posho ya nyumba kando. Ukigawanya kwa siku 26 za saa nane nane, ilikuwa kama shilingi 67 kwa saa. Yaani anayefagia ua wa kiwanda, kazi ya heshima lakini isiyohitaji mtu kujifunza kwa miaka, sheria inamlinda asishuke hadi alipo fundi wetu. Na fundi wetu hana wa kumlaumu, maana bei aliipanga mwenyewe.

Nimewauliza wafumaji wengi wanapangaje bei. Jibu ni moja: uzi, mara mbili. Ukinunua uzi wa mia tano, uza kwa elfu moja. Hakuna anayejua kanuni hiyo ilitoka wapi, na wote wanaifuata. Angalieni inavyofanya kazi: boshori ya uzi mzito inayofumwa jioni moja na kitambaa cha uzi mwembamba kinachokula mwezi mzima vinaweza kulingana bei, kwa kuwa uzi wake uligharimu sawa. Kadiri kazi inavyokuwa laini, ya ustadi na ya polepole, ndivyo mkono unavyolipwa kidogo. Hiyo kanuni inaadhibu ufundi.

Mkiwaambia hivyo watawajibu, kwani si ninafuma nikipumzika? Si ninafuma nikitazama taarifa ya habari? Wazo hilo, kwamba sindano ni pumziko la mwanamke, lina historia, na sehemu kubwa ya historia hiyo ilipitia hapa kwetu. Shirika la Maendeleo ya Wanawake lilianzishwa mwaka 1952, mwaka ule ule Hali ya Hatari ilipotangazwa. Serikali ya kikoloni ilivisukuma vilabu vyake kwa nguvu katika wilaya za Wakikuyu, na hasa baada ya watu kuhamishiwa kwa lazima kwenye vijiji vilivyozungushiwa ua kuanzia 1954, kwa nia ya kuwatenga akina mama na wapiganaji wa msituni. Huko walifundishwa kupika, usafi, malezi, kushona na kufuma. Kuna wanawake waliojifunza kupamba sebule wakati waume zao wako kizuizini Manyani na nyumba zao wenyewe zimebomolewa.

Sisemi mafunzo yale yalikuwa bure. Shosho zetu walikuwa werevu. Waliipokea sindano wakaitumia walivyotaka wao, na baada ya Uhuru vikundi vile vile vya wanawake viligeuka kuwa vikundi vya mabati, wakachangiana hadi kila mwanachama akaondoa nyasi juu ya nyumba yake. Lakini somo moja halikufundishwa: namna ya kutoza. Sindano ilifundishwa kama sifa ya mke mwema, na sifa haina bei. Kitambaa kilitoka mkononi mwa mama kikaenda moja kwa moja kwenye kiti cha baba. Kilipokuja kuuzwa miaka mingi baadaye, kitu pekee kilichokuwa na risiti ni uzi.

Linganisheni na kisiwa cha Ireland. Ugonjwa uliangamiza viazi huko kuanzia 1845, na njaa iliyofuata ikaua watu wapatao milioni moja. Mwaka 1847, katika mji wa Clones, mke wa kasisi aitwaye Cassandra Hand alianzisha mafunzo ya krosheti kwa wanawake wa eneo lile. Shabaha yake ilikuwa sufuria, wala si sebule. Kola na mapambo ya nguo yaliyofumwa huko yaliuzwa kwa matajiri nje ya kisiwa, na familia zikala. Sitawaambia walilipwa vizuri, sidhani kama tajiri wa karne ile alikuwa na huruma kuliko wa leo. Ila mwanamke wa Clones alipoinama na sindano yake, hakuna aliyemwambia kwamba anapumzika.

Sasa niwapeleke safari.

Chama chetu kilianza kama vyama vingi vya Ruiru, kwa kupeana pesa kwa zamu na kununuliana vyombo. Siku moja mwenzetu akauliza swali la hatari: hivi sisi tutanunua sufuria hadi lini? Kukawa kimya, kisha kukawa na makelele, na mwisho wake tukaanza kuweka ya safari. Nusu ya pesa hiyo ilitoka kwenye sindano. Boshori, mikoba ya kanisani, seti za vitambaa kwa maharusi.

Wakazi wa Ruiru tuna bahati moja: unashika barabara ya Eastern Bypass na kutokea upande wa Mombasa Road bila kuonana na jiji, ukafika kituo cha treni ya SGR ukiwa bado na subira. Treni hiyo, iliyozinduliwa 31 Mei 2017, imebadilisha likizo za watu wa kawaida kuliko tunavyokiri. Nauli ya daraja la kawaida ilipanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 mwanzoni mwa 2024 na tukanung'unika, lakini bado tunapanda. Ndani ya behewa, tulipokwisha kuwaona tembo wa Tsavo na kuwapigia picha zisizoonyesha kitu, sindano zikatoka mikobani. Mzee aliyeketi mkabala nasi akatuuliza kama tunakwenda kazini ama likizo. Tukasema likizo. Akasema likizo yetu ina jasho.

Kutoka Mombasa tulivuka Likoni, tukapita Ukunda, tukaenda hadi Shimoni, kama kilomita 75 kusini, na hapo tukapanda mashua hadi Wasini. Watu wengi wa bara huishia Diani wakadhani pwani ya kusini imekwisha. Wasini haina magari. Ina misikiti, mikoko, paka wengi kupita kiasi, na kikundi cha akina mama ambacho ningependa kila chama cha Ruiru kikione. Akina mama hao wana njia ya mbao iliyoinuliwa kwa nguzo, inayopita katikati ya mikoko na miamba ya matumbawe ya kale. Maji yakijaa unapita juu ya bahari, yakitoka unapita juu ya bustani ya mawe. Mgeni analipa kuingia. Hawaombi radhi kwa kutoza, na hawapunguzi kwa sababu umesema wewe ni mwanamke mwenzao. Tulijaribu.

Kutoka hapo mashua hukupeleka kwenye hifadhi ya Kisite-Mpunguti, na ukivaa miwani ya maji unaona matumbawe yaliyo hai. Mwenzetu mmoja, fundi wa shali, alikataa katakata kuingia, akashawishiwa, akaingia ameshikilia ngazi ya mashua kwa mikono yote miwili. Alipoinua kichwa alisema neno moja tu lililotufanya sote tuzame tena: huku chini wameongeza vitanzi.

Mfumaji ataelewa. Ukifuma duara na kuongeza vitanzi kwa kipimo kinachofaa, duara linalala bapa. Ukiongeza zaidi ya kipimo, kila mstari kwa uwiano ule ule, kitambaa kinakataa kulala. Kinajikunja, kinapanda na kushuka, pindo linakuwa refu kuliko nafasi iliyopewa. Sisi tunaliita kosa, au tunalifanya kwa makusudi tukitaka pindo la mawimbi kwenye gauni la mtoto. Wanahisabati wanaliita umbo la haipaboliki, na walikuwa wamelijadili kwa zaidi ya miaka 150 wakiwa na vielelezo vya karatasi vinavyochanika ukivigusa. Mwaka 1997, Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichukua uzi na sindano ya krosheti akalifuma. Likashikika. Wanafunzi wakaweza kulikunja na kulipima kwa mikono yao. Matumbawe yamekuwa yakijijenga kwa kanuni hiyo hiyo tangu zamani, kwa sababu umbo lenye mikunjo linatoa eneo kubwa la kunasa chakula katika nafasi ndogo.

Kutoka kwa Taimina wazo likaenda kwa ndugu wawili, Margaret na Christine Wertheim, wazaliwa wa Australia wanaoishi Los Angeles. Mwaka 2005 walianza kufuma mwamba mzima wa matumbawe kwa krosheti, na maelfu ya wanawake wa nchi mbalimbali wamejiunga nao. Walikuwa wanaombolezea miamba inayokufa kwa joto la bahari, na sisi tunalijua joto hilo: mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani ya Kenya yalipauka na kufa, na mengine hayajarudi. Nilipowaeleza wenzangu habari hizo usiku ule Wasini, fundi wetu wa shali hakushangazwa na hisabati. Alichouliza ni kama hao wafumaji maelfu walilipwa. Swali zuri. Kwa kadiri kubwa, ilikuwa kazi ya kujitolea.

Lamu tulikwenda mwaka mwingine, wachache wetu, na Lamu ndiko hoja yangu iliko.

Unakwenda kwa basi kutoka Mombasa, unapita Malindi, Garsen, Witu. Njiani kuna eneo la Mpeketoni, ambako familia nyingi kutoka Kiambu na Murang'a zilipewa mashamba kuanzia miaka ya sabini. Usishangae ukisalimiwa Kikikuyu na mtu anayekuuzia korosho. Huko wanalima pamba, na mfumaji anayetumia uzi wa akriliki kwa sababu ni rahisi anapaswa kuiona pamba shambani walau mara moja. Akriliki asili yake ni mafuta ya petroli. Ni nzuri kwa boshori ya Limuru. Kwa gauni la Lamu ni adhabu. Kisha unafika Mokowe, unapanda boti, na mji wa kale wenye hadhi ya UNESCO tangu 2001 unakupokea na punda wake.

Wanaume wa Lamu huvaa kofia nyeupe za kushonwa kwa mkono, kofia za vito. Hiyo si krosheti, ni sindano ya kawaida na uzi juu ya kitambaa, lakini mfumaji akiishika anatambua undugu. Kofia nzima imejaa vitobo vidogo mno, na kila kitobo kimezungushiwa uzi ukingoni hadi kikawa imara. Ukiinua kwenye mwanga, nakshi inajitokeza kwa vitobo vyenyewe. Kofia moja huchukua wiki nyingi, nyingine miezi. Huvaliwa Ijumaa, Idi, Maulidi, na bwana harusi hakubali ya kuazima.

Tuliingia kwenye duka la mzee mmoja karibu na ngome. Alikuwa na kofia za mashine zilizoletwa kutoka nje, za mamia ya shilingi, na za mkono, za maelfu. Kwa mbali zinafanana. Mwenzetu, kwa mazoea ya Soko la Jamhuri la Thika, akauliza hiki ni kitambaa gani hata kikawa ghali hivi. Mzee akacheka. "Mama, kitambaa si kitu. Hapa unanunua macho ya mtu."

Pale dukani ile kanuni yetu ya uzi mara mbili iliaibika. Uzi wa kofia ile hauzidi bei ya chai na mahamri. Kama mshonaji angetoza uzi mara mbili, kofia ingeuzwa kwa sarafu. Lakini Lamu nzima inajua, kuanzia mtoto wa madrasa hadi bwana harusi, kwamba bei ni ya mkono. Mnunuzi anauliza imeshonwa kwa muda gani. Anageuza ndani kuangalia mafundo. Anajua kutofautisha, na anajivunia kujua.

Kwa nini kofia ilipata bei na kitambaa cha shosho hakikupata? Nitasema jambo litakalowaudhi baadhi yenu. Kofia huvaliwa na mwanamume, mbele za watu, siku ya heshima. Kitambaa kinakaa ndani, chini ya kikombe. Ufundi ni ule ule au karibu na ule ule. Tofauti ni wapi unaonekana na unampamba nani. Najua pia kwamba si kila shilingi ya kofia inamfikia aliyeishona, mwenye duka naye anakula. Lakini angalau pesa ipo ya kugombaniwa.

Siku iliyofuata tulitembea hadi Shela, kule kwenye nyumba za wageni wenye pesa. Katika duka moja dogo lilining'inia gauni la krosheti la ufukweni, pamba nyeupe, mishono ambayo sote tuliitambua. Bei yake ingenunua magauni matatu ya Kihunguro na nauli ibaki. Tukamuuliza muuzaji limefumwa wapi. "Nairobi," akasema. Sisi tunaotoka nje kidogo ya Nairobi tukatazamana. Gauni lilikuwa limekuja njia ile ile tuliyokuja sisi, na kila lilipobadilisha mikono njiani liliongezwa bei, isipokuwa kwenye ule mkono wa kwanza.

Tangu turudi, chama kimegawanyika. Mmoja wetu, huyo huyo wa shali, ameanza kuandika risiti yenye mistari miwili. Mstari wa kwanza uzi, wa pili mkono, kila mmoja na bei yake. Shali ya mtoto iliyokuwa 1,500 sasa ni karibu mara mbili. Wateja kadhaa walimwambia ameringa. Wengine waliondoka wakarudi. Bibi mmoja aliyekuja kumnunulia mjukuu alisoma risiti, akauliza saa ngapi, akaambiwa, akalipa bila kuongeza neno, na tangu hapo amemletea wateja wa kanisa lake.

Wanaompinga wana hoja nzito, wala sitaki kuwadharau. Mtumba wa soko la Gikomba una fulana za krosheti kwa shilingi mia na hamsini, nazo zilifumwa kwa mkono wa mtu, mahali fulani mbali, kwa malipo ambayo ni afadhali tusiyajue. Utashindanaje na mkono ulioporwa tayari? Ukipandisha bei peke yako, mteja anavuka barabara. Mwenye karo ya shule wiki ijayo hana nafasi ya kungoja bibi wa kanisani. Mimi maoni yangu ni kwamba tuache kabisa kufuma vile ambavyo mtumba unatushinda, fulana za saizi ya kila mtu, na tushike vile ambavyo vinahitaji kumpima mteja mwenyewe: gauni la harusi ya ufukweni, shali yenye jina la mtoto. Na vitambaa vya viti tuvifume tukipenda, tuwape dada zetu, tuseme wazi kwamba tumetoa zawadi. Maoni hayo yalipata makofi machache.

Kikao kilichopita kiliisha bila uamuzi. Mweka hazina wetu, ambaye hafumi wala hataki kufundishwa, aliomba jambo moja tu: kila mfumaji aandike kwenye daftari saa anazofuma kwa mwezi mmoja, ili apate hesabu ya kuanzia kabla hatujabishana tena. Nusu ya wanachama wamekataa kuandika. Wanasema wakianza kuhesabu saa watajiona wako kibaruani.